Safari ya kwanza na iwe fupi

Mtu anayeingia mjini Tabora asubuhi, ama kwa treni ama kwa basi, hulakiwa siku hizi na mlio wa pikipiki kabla hajafika chini ya kivuli cha miembe iliyoupa mji huo sifa yake. Zimejipanga mbele ya kituo cha reli, zimejipanga stendi, zimejipanga katika njia panda za Isevya, Cheyo, Ng'ambo na Ipuli. Wala si zote zinazongoja abiria. Nyingi zinapita tu na wenyewe: mwalimu anawahi shule ya kijijini, muuguzi anawahi zahanati, bwana shamba, au afisa ugani kama anavyoitwa siku hizi, anawafuata wakulima wa tumbaku na alizeti, na mtendaji wa kata anakwenda ofisini kwake. Pikipiki ndogo yenye injini ya sentimeta za ujazo 100, 125 au 150 imekuwa ndiyo miguu ya mtumishi wa umma katika mkoa ule mpana.

Leo hatukusudii kuzungumza juu ya wapanda pikipiki wote. Wazoefu wamekwisha kuandikwa vya kutosha, kwa sifa na kwa lawama. Tunataka kumzungumzia mtu mmoja anayesahauliwa, naye ni yule aliyeanza juzi. Huyu ana ufunguo mfukoni, ana kazi inayomngoja kilometa 20 kutoka nyumbani kwake, na hana mtu anayemwuliza kama anajua kukishika chombo alichopewa. Maoni yetu ni kwamba taifa letu limejifunza kugawa pikipiki, kuuza pikipiki na kukopesha pikipiki, lakini halijajifunza kumpa mpandaji mpya muda wa kuwa mwanafunzi.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza: mambo ya Tabora yanatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Visiwa na Tabora ni ndugu wa siku nyingi. Mji huo, ambao zamani wageni waliuita Kaze na ambao ulikuwa katika nchi ya Unyanyembe, ulikuzwa na biashara iliyokuwa na mlango wake Unguja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, na baba yake alikuwa na makazi Tabora. Pili, jambo lenyewe limekwisha kufika Visiwani. Wazee wa Mjini Unguja wanaikumbuka Vespa, chombo cha mtu mtaratibu aliyekwenda nacho kazini na kurudi. Leo vijana wa Unguja na Pemba wamepanda vyombo vyepesi zaidi na vya mbio zaidi, na mpandaji mpya wa Chake Chake hana tofauti na yule wa Tabora. Zaidi ya hayo, wapo watumishi waliozaliwa Visiwani ambao kazi za Muungano zimewapeleka bara, na huko hukabidhiwa pikipiki kama wenzao.

Basi na tuitazame njia ile ya zamani, kwa maana ina somo kwa jambo hili.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, karibu mizigo yote ya njia hiyo baina ya pwani na maziwa ilikwenda kwa mabega ya watu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ni zaidi ya kilometa 800, na msafara ulichukua miezi miwili, mitatu na pengine zaidi. Pagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wasafiri walioandika habari za karne ya 19 walieleza kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mtu kamili mpaka awe amekwenda pwani na kurudi.

Hata hivyo, heshima hiyo haikupatikana kwa siku moja. Vijana wadogo waliofuatana na misafara walianza na vitu vyepesi, kama mikeka na vyombo vya kupikia. Mbele alitangulia kirangozi, mtu aliyeijua njia, wala haikuwa ruhusa kwa pagazi kumpita. Penye njia panda, njia isiyofaa ilizibwa kwa tawi au kwa mstari uliochorwa ardhini ili walio nyuma wasipotee. Na ilikuwako desturi moja ambayo sisi tunaiona ni ya hekima kuliko zote: siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Ulitoka, ukapiga kambi karibu na pale ulipotoka, ili aliyesahau kitu akifuate, mzigo uliofungwa vibaya ufungwe upya, na aliye mgonjwa ajulikane mapema kabla ya nyika.

Hatuandiki haya kwa kuipamba misafara. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na mapagazi wengi walikufa kwa njaa, kiu na ndui. Njia hiyo, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, imeandikwa humo kwa jina la biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na ni haki ikumbukwe hivyo. Lakini kama biashara ngumu kiasi kile ilitambua kwamba safari ya kwanza iwe fupi na mzigo wa kwanza uwe mwepesi, je, sisi tulio huru, tunaosema kila siku kwamba mtu ndiye msingi wa maendeleo, tuna udhuru gani wa kutotambua?

Pikipiki haikuingia kwetu kwa hatua. Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilimiminika Afrika Mashariki, na baiskeli ikasukumwa kando. Kwa upande wa Tanzania Bara, chombo hiki kilikuta Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilikuja mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa leseni hizo umo mikononi mwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kusema kwamba sheria hazipo.

Serikali nayo imekuwa mnunuzi mkubwa wa pikipiki. Mwezi Aprili mwaka 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa nchi nzima. Lilikuwa jambo jema, nasi tunalisifu bila kigugumizi, kwa kuwa bwana shamba asiye na usafiri ni bwana shamba wa mezani. Lakini swali letu linahusu yale yanayofuata baada ya sherehe, katika kila ofisi ya halmashauri, pikipiki yoyote inapokabidhiwa kwa mtumishi yeyote. Mara nyingi mambo huwa mepesi mno: fomu, sahihi, ufunguo. Namba ya injini huandikwa kwa uangalifu, na namba ya chasisi vilevile. Ustadi wa mtu atakayekaa juu ya injini hiyo hauandikwi popote.

Wapo watakaosema kwamba pikipiki ni baiskeli yenye injini, na watu wa Tabora wamepanda baiskeli tangu enzi za babu zao. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Baiskeli humfundisha mtu kusimamisha mizani, lakini haimfundishi kuzuia kilo zaidi ya 100 za chuma zinazokimbia. Mpandaji mpya aliyezoea baiskeli huiogopa breki ya mbele, hukanyaga ya nyuma peke yake, na gurudumu la nyuma hukwama likateleza. Hajui kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na kwa sababu hiyo breki ya mbele, ikibanwa polepole na kwa kuongezwa, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Au anaambiwa hivyo na rafiki, halafu anaibana kwa ghafula juu ya mchanga, na pikipiki inamlaza chini kabla hajatanabahi.

Hajui pia hesabu ya mwendo. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pikipiki hupita meta 11 katika sekunde moja. Kwa kilometa 80, hupita meta 22. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zikisimamishe chombo hauzidi mara mbili tu, bali mara nne. Mkongwe hulijua jambo hili katika mikono yake hata kama hakulisoma shuleni. Mgeni hulijua siku ng'ombe anapokatiza barabara.

Na Tabora ina ng'ombe wengi. Ina barabara kuu za lami zilizojengwa miaka ya karibuni kuelekea Nzega, Sikonge na Manyoni, ambako basi na lori hupita kwa kasi na upepo wake humyumbisha mwenye chombo chepesi. Ukiacha lami ukaingia njia ya kijiji, wakati wa kiangazi unakutana na mchanga laini unaoshika gurudumu la mbele, na wakati wa masika unakutana na udongo mweusi wa mbuga unaonata kama gundi. Ukipita penye mchanga unatakiwa kupunguza mwendo kabla ya kuingia, kisha kushika mafuta kwa kiasi kimoja bila kuyakata ghafula, macho yakitazama mbele na si chini ya gurudumu. Mvua ya kwanza ya Novemba nayo huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka juu ya lami, na kwa muda lami huwa kama sahani iliyopakwa samli. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo mtu huzaliwa akilijua.

Tuzidishe hapo abiria. Mpandaji mpya ambaye jana alikuwa peke yake, leo anampakia mwenzake, na kesho anapakia mshikaki, watu wawili au watatu nyuma yake, pamoja na gunia. Kila kilo iliyoongezwa nyuma hubadilisha breki, kona na mizani. Yule pagazi kijana wa zamani aliyeanza na mkeka angeshangaa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani, na kwamba kama mmoja katika kila watano alikuwa juu ya chombo cha injini cha magurudumu mawili au matatu. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba kofia ngumu iliyovaliwa na kufungwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo hadi kwa asilimia 74. Tunasisitiza neno kufungwa. Kofia iliyotundikwa usukanini, au iliyowekwa kichwani bila kamba yake kukazwa, ni pambo la kumridhisha trafiki.

Yafaa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkataba ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Kumwambia akae mwezi mzima akijifunza bila kupakia ni kumwambia akae na njaa. Mkurugenzi wa halmashauri naye atasema kwamba fungu lake halitoshi hata mafuta, sembuse mafunzo. Hoja hizi ni za kweli, wala hatuzidharau. Lakini gharama haitoweki kwa kutolipwa mwanzoni. Hulipwa baadaye, tena na watu wengine: na wodi ya mifupa, na mke aliyeachiwa watoto, na shule iliyokosa mwalimu wa hesabu kwa muhula mzima, na zahanati iliyofungwa kwa sababu muuguzi wake mmoja amelazwa. Siku chache za mafunzo hugharimu kidogo kuliko mguu mmoja uliovunjika.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza ni la ofisi za Serikali na mashirika. Pasiwe na ufunguo unaokabidhiwa bila mambo matatu kwenda nao: leseni ya daraja la pikipiki iliyopatikana kwa kujifunza na kujaribiwa, kofia ngumu inayomwenea mwenyewe, na mafunzo ya vitendo ya siku kadhaa katika uwanja, kisha katika barabara za aina ile atakayoipita. Vyuo vya VETA vipo, na Tabora kipo kimoja. Polisi wa usalama barabarani wapo. Kinachokosekana ni mkuu wa idara kuandika barua na kupanga siku. Tena miezi mitatu ya mwanzo mtumishi mpya asipangiwe safari za usiku wala za kupakia mwenzake. Mkuu asiyeweza kuvumilia miezi mitatu ajiulize atavumilia vipi kumkosa mtumishi huyo kwa mwaka mzima.

La pili ni la wenye pikipiki za mkataba. Tajiri anayempa chombo kijana asiyekijua anakihatarisha chombo chake mwenyewe. Hesabu ya wiki za mwanzo ipunguzwe, na kijana azoezwe katika mitaa ya karibu kabla ya kuruhusiwa barabara kuu. Hii si sadaka, ni kulinda mtaji.

La tatu ni la vijiwe. Kila kijiwe kina mwenyekiti wake na desturi zake. Na kiwe pia na kirangozi, yaani mpandaji mzoefu mwenye sifa njema, atakayekabidhiwa kila mgeni wa kijiwe. Huyu amwonyeshe namna ya kukagua mnyororo, breki, taa na upepo wa matairi kila asubuhi. Amfundishe kugeuka kulia, jambo ambalo katika nchi yetu ya kushika kushoto humlazimu mtu kukatiza njia ya wanaokuja, na huwaponza wengi. Asimruhusu kupakia mpaka aridhike. Neno la mkubwa wa kijiwe lina nguvu kuliko faini, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu linavunjika kweli.

La nne ni la Visiwani. Barabara zetu ni fupi, na ufupi huo umetudanganya. Mtu husema, nafika hapo tu, halafu haivai kofia. Lakini jiwe la ukingoni na ukuta wa nyumba havimwulizi mtu anakwenda umbali gani. Tunayo mifano yetu bora ya kufundisha, wala hatuna haja ya kuiazima. Ni nahodha gani wa jahazi aliyempa usukani kijana aliyeingia chomboni jana? Kijana huanza kwa kufua maji, akaenda kwenye kamba na tanga, na baada ya misimu kadhaa, tena bahari ikiwa shwari, ndipo anapoachiwa usukani huku sarahangi amesimama kando yake. Desturi hiyo tuliyoiweka baharini tumeiacha ufukoni tuliposhuka nchi kavu.

Na kwa mpandaji mpya mwenyewe, awe mwalimu wa Uyui, bwana shamba wa Urambo au karani wa Wete, tunalo neno la kidugu. Usione haya kuitwa mwanafunzi. Alama ya kujifunzia haikuwekwa na sheria ili ikuaibishe, imewekwa ili wengine wakupe nafasi. Anza asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Pita njia moja mara nyingi kabla hujaijaribu ya pili. Vaa viatu vinavyofunika mguu, kwa maana kandambili hazina breki wala kinga. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiambiwa na wenzako kwamba unakwenda kama bibi harusi, waache waseme, maana bibi harusi hufika, tena hupokewa kwa vigelegele.

Hatudai kwamba ajali zote zitakwisha mpandaji mpya akifundishwa. Zipo barabara mbovu, wapo madereva walevi, yapo malori yasiyo na taa. Hayo nayo yana wenyewe wa kuyajibu, nasi hatutachoka kuwakumbusha. Lakini hili la mgeni wa pikipiki halingoji bajeti kubwa wala msaada kutoka nje. Linangoja mkurugenzi, tajiri, mwenyekiti wa kijiwe na mzazi, kila mmoja mahali pake, amwambie kijana wake maneno machache kabla ya kumpa ufunguo: leo usiende mbali, leo usibebe mtu, jioni urudi tukuone ulivyokwenda.

Ni matumaini yetu kwamba viongozi wanaohusika, Bara na Visiwani, watalitazama jambo hili kabla fungu la pikipiki nyingine halijatolewa, na kwamba safari hii orodha ya makabidhiano itakuwa na nafasi ya kuandika, karibu na namba ya injini, jina la aliyemfundisha mpandaji na siku alizomfundisha.